Pamba na Sanduku la Manyoya

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila asubuhi aliamka akakuta chai kwenye chupa, mkate umefunikwa kwa kitambaa, na mama ameshaondoka. Mama yake alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate, na tanuri halisubiri jua lichomoze. Alirudi alasiri, unga umemkaa hadi kwenye nyusi, akaketi kitini kupumzisha miguu kidogo.

"Nakusikia, mwanangu, endelea," alisema akiwa amefumba macho. Kabla Chiriku hajafika katikati ya habari zake za darasani, mama alikuwa anakoroma, viatu bado miguuni.

Kwa hiyo habari nyingi za Chiriku ziliishia kwa Pamba, sungura jike mweupe aliyepewa na mama yake mdogo. Huyu mama mdogo, waliyeishi naye nyumba moja, alikuwa daktari wa mifugo. Banda la Pamba lilikuwa nyuma ya jiko. Kila alipotoka shuleni, Chiriku alikata majani, akabadilisha maji na kufagia, huku akimsimulia Pamba nani kagombana na nani. Pamba alimsikiliza masikio yote mawili yakiwa wima.

Siku moja Pamba alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyapanga ndani ya sanduku la mbao lililokuwa bandani. Kesho yake, katikati ya manyoya yale, walilala watoto watano wekundu, hawana hata unyoya, macho yamefumbwa.

Mama mdogo alikuwa anakwenda kuchanja ng'ombe vijiji vya mbali. Alimshika Chiriku mabega. "Mpe majani na maji, basi. Usiwashikeshike watoto, usilete wageni, usifungue sanduku kila saa. Mzazi anataka utulivu. Umesikia, au yameingia huku yakatokea kule?"

"Nimesikia, mama mdogo."

Na alisikia kweli. Lakini alasiri ile alikaa mbele ya banda akaangalia, akashangaa. Pamba alikuwa kwenye pembe ya mbali kabisa, anatafuna, wala hakuligeukia sanduku. Jua likazama hivyo hivyo. Siku iliyofuata mambo yakawa yale yale.

"Huyu si mama, huyu mpangaji," alisema rafiki yake, mtoto wa fundi baiskeli, aliyekuja kuchungulia ingawa wageni walikatazwa. "Watoto wanakufa njaa, yeye anakula kabichi!"

Rafiki alicheka. Chiriku hakucheka. Maneno yale yalimchoma mahali ambapo hakutaka kupatazama. Akafungua sanduku, akafunga, akafungua tena. Kila alipofungua, Pamba alipiga chini kwa miguu ya nyuma, puu! puu!, akazunguka banda zima. Chiriku akaona hiyo ni jeuri tu. Mwishowe akawachukua watoto wote watano, akawaweka kwenye boksi la viatu alilotandika sweta lake, akalisukuma chini ya kitanda.

"Mimi ndiye mama yenu sasa," aliwanong'oneza. "Na mimi siendi popote."

Alijaribu kuwanywesha maziwa ya ng'ombe kwa ncha ya kitambaa. Maziwa yaliwaingia puani, wakapiga chafya. Kesho yake alasiri hawakulia tena. Ngozi za matumbo yao zilikuwa zimekunjamana, na yule mdogo kuliko wote alikuwa wa baridi. Huko bandani Pamba naye hakugusa majani. Alijibanza ukutani, na hata kivuli cha nguo kwenye kamba kilimshtua.

Jioni hiyo mama mdogo akarudi, mabuti yamejaa tope. "Haya, wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo," alijibu Chiriku.

Likawa jibu fupi mno. Mtoto aliyezoea kujibu kwa hotuba hajibu kwa neno moja. Mama mdogo aliweka mkoba chini, akamtazama, akasubiri. Chiriku alijikaza kisabuni, lakini machozi hayakujua kujikaza. Akaenda kulivuta lile boksi.

"Niliwachukua mimi," alisema. "Nilitaka kuwaokoa! Pamba hawanyonyeshi, mama mdogo. Nilimwangalia mpaka jua likazama, hakuja hata mara moja. Mama gani huyo, yupo lakini hayupo? Mama gani kama..."

Akanyamaza ghafla. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, usingizi wote umemtoka. Walitazamana.

"Kwanza joto," alisema mama mdogo upesi, akimtia yule mdogo ndani ya blauzi yake, kifuani. "Baridi itawaua kabla ya njaa."

Mama alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akaizungushia taulo. Mikono yake iliyozoea kukanda unga iliwageuza watoto mmoja mmoja, polepole, mpaka wakaanza kujinyonganyonga. Chiriku alishika taa, na mama mdogo akamweleza.

"Sungura hakai na watoto wake. Huko porini, harufu yake ingemwita mbweha. Kwa hiyo anakaa mbali, anajifanya hamnazo. Huwa anakuja mara moja tu kwa siku, pengine mbili, kukiwa kimya, mara nyingi kabla hakujapambazuka. Anawanyonyesha dakika chache, wanashiba, anaondoka. Wewe ulimtafuta saa ambazo si zake."

"Na kule kupiga miguu?"

"Hofu. Alikuwa anapiga kelele kwa njia yake: kuna hatari!"

"Atawakubali tena?"

"Sijui," alisema mama mdogo. "Kesho asubuhi tutaangalia matumbo yao. Yakiwa yamejaa, amekuja."

Waliwasugua watoto kwa manyoya ya Pamba ili wapate tena harufu yake, wakawarudisha sandukuni, wakafunika mlango wa banda kwa gunia, wakaondoka kwa kunyata.

Chiriku alizinduka bado giza. Alitamani kukimbilia bandani, lakini safari hii alibaki kitandani. Ndipo aliposikia mlango wa chumba chake ukifunguka taratibu. Akafumba macho. Mtu akamvutia blanketi hadi mabegani. Kiganja kikatua kwenye paji la uso wake, kikakaa. Kilinukia sabuni, na hamira kwa mbali.

"Siku njema, Chiriku wangu," sauti ilinong'ona. "Leo utanimalizia ile habari ya mwalimu aliyekalia chaki."

Chiriku akafumbua macho. Habari ile alikuwa ameisimulia juzi, mama anakoroma!

"Mama! Kumbe huwa unakuja?"

"Kila siku."

"Sikujua."

"Utajuaje, na wewe ukilala huamshiki hata kwa ngoma?" Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. "Jana nilikusikia, mwanangu. Ni kweli, muda wangu nyumbani ni mdogo, na hilo linaniuma. Lakini sijawahi kutoka bila kupita hapa."

Chiriku alimkumbatia shingoni, akalia.

Kabla mama hajaenda kazini, walikwenda bandani pamoja, taa mkononi. Mama mdogo aliinua gunia. Pamba alikuwa kwenye pembe yake ya mbali, anatafuna, utadhani hajui lolote. Mama mdogo alitenga manyoya kwa kidole. Matumbo manne yalikuwa mviringo, yamejaa ndi! La tano, la yule mdogo, lilikuwa dogo kama mwenyewe, lakini nalo lilikuwa limejaa.

"Amekuja," mama mdogo alisema, akashusha pumzi. "Sikiliza, Chiriku. Ubongo wa mtoto mchanga unajifunza dunia kupitia kwa mama. Joto likija na maziwa yakija, leo na kesho, unajifunza kwamba dunia ni salama, na huyo akikua hatakimbia kila kivuli. Akishtuliwa kila mara, au akinyang'anywa mama, unajifunza kuogopa, na somo hilo ni gumu kulifuta. Ulikuwa na huruma, na huruma ni njema. Lakini usilolijua ni usiku wa giza. Uliza kwanza, ndipo usaidie. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema jana. Ungechelewa mpaka leo, tungekuwa tunazika."

"Nisameheni," alisema Chiriku. Kisha akamgeukia Pamba. "Na wewe pia."

Kesho yake alfajiri Chiriku aliamka tena mapema. Nyumba ilikuwa kimya. Alisikia nyayo za mama zikija, akashusha blanketi kidogo kutoka mabegani, ili mama apate pa kufunika. Kisha akafumba macho, akasubiri.