Firigisi ya Baba Mkubwa

Kila Jumapili tukitoka kanisani, kazi yangu ni kuwasha jiko nje ya mlango wetu hapa mtaani Laini Saba. Mama hupika, mimi hupepea, na moshi hunifuata mimi peke yangu. Jumapili hiyo tulikuwa na jogoo mkubwa mno, hata kifuniko cha sufuria kilikataa kufunga vizuri. Mama alimpaka chumvi, akamweka mzima ndani ya sufuria, firigisi yake ubavuni mwake, kisha akapanga makaa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko ili aive pande zote.

"Adhis, hiyo firigisi ni ya Baba Mkubwa Okello," aliniambia akiingia ndani. "Usiiguse."

Nilijua. Kwetu, mgeni wa heshima asipoiona firigisi kwenye sahani, ni kama ameambiwa hana maana. Tena Baba Mkubwa hakuwa mgeni wa kawaida. Yeye na Baba hawakuwa wamesemezana tangu nyanya yetu azikwe, kwa kuwa Baba, aliye mdogo, alimzika mama yao kabla kaka yake hajafika. Jogoo huyu ndiye aliyetegemewa kuwapatanisha.

Lakini pua haina adabu. Nilifunua sufuria kuangalia kama kuku ameiva, nikamega kipande kidogo cha firigisi. Kilichobaki kikaonekana vibaya, basi nikakimalizia.

Baba Mkubwa alifika kutoka Kawangware na binti yake Trizah, ambaye ni rika langu. Hakuvua koti. Mama alimkaribisha chai, naye akasema ameshiba. Baba alinoa kisu bila kumtazama. Chumba chetu kimoja kilikuwa kidogo kwa hasira za watu wawili.

Baba akaanza kumkata kuku: mapaja, mabawa, kidari, mgongo. Kisha akapekua sahani kwa ncha ya kisu. Akapekua tena.

"Iko wapi?" Baba Mkubwa aliuliza.

Baba aliinua kidari, akachungulia chini yake.

"Osewe, ulimzika mama bila mimi. Leo umeninyima hata firigisi?"

"Umekuja kula ama kutafuta vita?" Baba alifoka.

Mama alinigeukia. "Adhis! Nani alikuwa kwa jiko?"

"Nilimwona Trizah akifunua sufuria," nikasema.

"Wacha uongo!" Trizah alipiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Tumefika saa hii tu! Sufuria hata sijaigusa!"

"Sasa binti yangu ni mwizi," Baba Mkubwa alisema akisimama. "Trizah, twende. Na wewe Osewe, siku nikifa, usikanyage kwangu."

Alikuwa ameshashika pazia la mlango. Trizah alifuta macho kwa mkono wa gauni lake la kanisani, nami nikajichukia. Nilijua wakitoka hawatarudi.

"Ni mimi!" nililia. "Nimeila mimi. Trizah hana makosa."

Mama aliinua mkono kunichapa. Baba akamzuia. Aliweka kisu chini, akanitazama, halafu akamgeukia kaka yake.

"Hata mimi nilidanganya," alisema. "Mazishi yalipofanywa mapema, niliwaambia watu simu yako haishiki. Sikukupigia hata mara moja. Niliogopa utakuja uamue kila kitu. Nisamehe, ndugu yangu."

Baba Mkubwa aliliachilia pazia.

"Mwaka mzima nimengoja hayo maneno," alisema. "Mtoto amekutangulia." Akaketi, akaniita karibu. "Adhis, firigisi nimekula nyingi. Lakini kosa lako ukimtwika mwenzako, unamchafulia jina, na jina si sufuria uisugue kwa majivu. Ukikosa, sema umekosa. Na useme mapema, kabla mtu hajafika mlangoni."

Kisha akachukua paja nililotengewa mimi, akaliweka kwenye sahani ya Trizah. Mimi nikapewa shingo. Nilimwomba Trizah msamaha.

"Nitafikiria," alisema, akiling'ata paja.

Baba Mkubwa akavua koti, akamwambia Mama sasa angekunywa ile chai.