Unga wa Kilima cha Lokirwa

Ile Ford F-150 nyeusi ilikata kona bila indiketa.

Elkana Mwenda hakubabaika. Alikuwa magari matatu nyuma yake, ndani ya Camry ya kukodi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukipapasa Glock 19 chini ya paja. Ilikuwa saa saba mchana, barabara ya 59 imefurika magari, na joto la Houston lilikuwa la kukera.

Aliyekuwa akiendesha Ford ni Wanjohi, mwanajiolojia aliyeiuza Kenya huku Kenya ikiendelea kumlipa mshahara. Kiti cha nyuma alikuwa na pakiti sita za unga wa wimbi.

Wimbi wapi! Unga ulikuwa wa kufunikia tu. Katikati ya kila pakiti kulifichwa bahasha za khaki, na ndani ya bahasha mlikuwa na mawe yaliyosagwa laini: sampuli za kilima cha Lokirwa, zilizochorongwa na serikali na kuibwa ghalani Nairobi. Zamani za kale maji moto ya volkano yalipanda kwenye nyufa za kilima kile, yakaacha dhahabu pamoja na madini ya fedha. Ufa upi hasa? Hilo lilikuwa kwenye bahasha, kwa namba ya shimo na kina chake. Kampuni ya Halcrest ikizipata kabla ya zabuni, ingeomba kipande kile kimoja chenye utajiri kwa bei ya kichaka, na wenyeji wangehamishwa kabla hawajajua wamekalia nini.

Amri ya Idara, wakubwa zake wa ujasusi kule Nairobi, ilikuwa fupi.

Acha mzigo ufike. Tunamtaka mnunuzi.

Basi mzigo ukaachwa ufike, tena ukabebwa na mama wa watu. Wanjohi aliwajua Wakenya wenzake: ukisafiri, lazima ubebeshwe cha mtu. Mama Kagendo, bibi wa Embu aliyekuja kumtembelea bintiye nesi kule Stafford, aliombwa abebe unga wa ndugu wa fulani, akabeba. Elkana, aliyejipenyeza kama muumini mpya kanisani walikosali Wanjohi na binti huyo, ndiye aliyempokea uwanja wa ndege na kumburutia masanduku. Alijua kilichomo. Bibi alimbariki njia nzima, naye akaitikia amina.

Simu ikalia. Ni Kagendo, yule binti nesi.

"Bro Elkana, uko wapi?"

"Niko job. Kuna nini?"

"Ni Mama. Ametapika tangu asubuhi, tuko emergency hapa Sugar Land. Wanasema food poisoning, lakini mimi ni nurse, hii si food poisoning. Amekataa drip mpaka nikupigie. Anasema usipike ule unga aliokugawia juzi. Eti una mchanga."

Elkana aliibana simu sikioni.

"Unga gani?"

"Ule wa mzigo wa huyo Wanjohi wenu. Zilikuwa pakiti saba, akabakisha moja. Anasema amebeba kilo kumi na nne kutoka Nairobi, hawezi kukosa uji wake. Ndani alikuta bahasha ya khaki imepasuka, akaitupa, na alipousikia unga unakwaruza akadhani ni mawe mapya ya posho mill. Ameunywa siku tatu."

Elkana alisomea jiolojia kabla Idara haijamchukua. Dhahabu ya namna ile haisafiri peke yake. Huja na sumu ya arseniki, na ile ya Lokirwa ilikuwa kali kiasi kwamba maabara iliandika onyo kwa wino mwekundu. Alilisoma mwenyewe. Angetamka neno hilo moja tu, daktari angejua dawa ya kumpa.

"Nitakupigia," alisema, akakata.

Akachukua simu ya pili, ile ndogo isiyo na jina. Nairobi alipokea Ngugi, mkuu wake.

"Sema."

"Bibi amekunywa sampuli. Yuko hospitali. Nataka kuwaambia ni arseniki."

"Ukiwaambia, polisi watauliza imetoka wapi. Watamfikia Wanjohi, na mnunuzi atageuza gari arudi Dallas hata sura yake hatujaiona. Maliza kwanza."

"Atakufa, mkuu."

"Basi maliza haraka."

Angeweza kukataa. Tusidanganyane, hakuna aliyemwelekezea bunduki. Bunduki alikuwa nayo yeye. Alitazama saa ya dashibodi. Saa saba na dakika kumi na mbili.

Akaendelea kuifuata Ford.

Wanjohi aliingia kwenye ghala la kukodi Stafford, nyuma ya duka la vigae. Mnunuzi alichelewa. Dakika ishirini. Arobaini. Elkana alikaa garini, simu mapajani, akijiambia dakika tano tu zaidi. Zikiisha, anajiambia tena. Kagendo alipiga mara nne, naye akaiacha iite.

Saa nane u nusu ikaingia Escalade nyeupe. Akashuka mzungu mrefu mwenye buti za wachunga ng'ombe.

Elkana alipitia mlango wa nyuma. Kufuli lilimchukua sekunde tisa. Kamera iliyokuwa kwenye kifungo cha shati lake ilianza kazi: sura ya mzungu, bahasha mezani, Wanjohi ameshika kipimo cha Vanta chenye umbo la bastola, akisoma madini bahasha moja baada ya nyingine.

"Mikono mezani."

Alisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, Wanjohi asije akajifanya hakusikia.

"Kumbe ni wewe wa church," Wanjohi alisema, akamrushia kile kipimo.

Elkana aliinama. Kikavunjika ukutani. Goti moja tumboni, kiwiko kimoja shingoni, Wanjohi akalala sakafuni akitafuta pumzi. Mzungu hakujitikisa.

Elkana hakuzichukua bahasha. Alizichana zote, akamwaga unga wa mawe ndani ya ndoo ya kupigia deki, akaukoroga kwa mpini wa fagio.

"Dhahabu imo humu," akamwambia mzungu. "Niambie sasa imetoka shimo gani."

Mzungu aliikodolea ndoo macho. Picha za mtu wa Halcrest akinunua zilikuwa zimeshafika Nairobi, na kukipambazuka huko Halcrest ingefutwa kwenye zabuni. Ngugi aliandika maneno mawili: kazi safi.

Saa tisa kasoro dakika kumi Elkana akapiga simu.

"Ni arseniki, Kagendo. Waambie ni arseniki."

Kagendo alitazama karatasi yake ya kumbukumbu. Manesi huandika saa ya kila kitu.

"Nilikupigia saa saba na dakika kumi," alisema. Hakumwita bro.

Asubuhi iliyofuata alikwenda wodini. Roho ya bibi ilikuwa imeokolewa, lakini figo zilikuwa zimekataa kazi, na madaktari walisema saa zile karibu mbili zingeleta tofauti. Mashine ilikuwa ikimsafishia damu. Kagendo alisimama dirishani, hakumsalimu.

"Ni wewe, mwanangu?" Mama Kagendo aliuliza. "Uliunywa?"

"Hapana, Mama."

"Bwana asifiwe." Akaushika mkono wake. "Nisamehe. Nilikugawia kitu kibaya. Ningemuua mtoto wa wenyewe hivihivi."

Kagendo aligeuka, akamtazama Elkana usoni, akingoja.

Elkana alifungua kinywa. Alijua jinsi ya kukaa siku tatu bila kulala na kuvunja kufuli kwa sekunde tisa.

"Nimekusamehe, Mama," alisema.

Akautoa mkono wake taratibu, akanyoosha kola ya shati, akatoka kwa hatua za mtu asiye na haraka, kama walivyomfundisha. Ndege yake ilikuwa saa sita.