Mahari ya Turiani

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba tena ile kamusi."

"Marahaba, Mama Idrisa. Mbona unatetemeka? Una homa?"

"Ningeshukuru kama ingekuwa homa."

Mwanahawa akaketi dawati la nyuma, katika darasa la watu wazima pale Mwembesongo, akaifungua kamusi iliyojaladiwa kwa gazeti. Hakutafuta, kidole chake kilikwisha kuujua ukurasa. *Mahari: mali anayotoa mwanamume kwa ajili ya mwanamke anayemwoa.* Hapakuwa na maana ya pili. Aliitafuta jana, na leo haikuwa imeongezeka.

Mumewe, Mwinshehe, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kiwandani mwaka ule wa soko huria. Siku hiyo pia Mwanahawa aliikimbilia kamusi. Ikamwambia kuwa kupunguzwa ni kufanywa pungufu. Akamtazama mumewe alivyoketi kizingitini, ovaroli imekunjwa mapajani, akaona kamusi haisemi uongo. Baadaye Mwinshehe akaenda Turiani kutafuta shamba. Juzi barua yake ilikuja.

"Nisomee," Mwalimu Regina akasema.

Mwanahawa akasoma: "*Mke wangu, huku Turiani nimeshapata mahari. Mzee Ahmadi mwenye duka amenikubalia mbele ya mashahidi wawili. Ni pazuri sana, moyo wangu umetulia. Usikasirike kwa kuwa sikukuuliza kwanza. Ijumaa nakuja.*"

Akaikunja. "Umesikia mwenyewe. Mahari, mashahidi, bila shaka ni binti wa mwenye duka. Tena hana haya, ananisifia: ni mzuri sana."

"Hapo pameandikwa *pazuri*."

"Amekosea herufi, Mwalimu. Huyu aliishia darasa la nne."

Mwalimu Regina akaichukua barua, akaivutia dirishani penye mwanga.

"Amekosea herufi kweli, lakini si hapo. Hebu nijibu kama mwanafunzi wangu. Mwanamke huwa mzuri. Mahari huwa nzuri. Ni kitu gani huwa *pazuri*?"

Mwanahawa akaitazama tena barua.

"Mahali," akanong'ona.

"Na mumeo hulitamkaje neno hilo?"

Hapo akamsikia Mwinshehe kana kwamba amesimama nyuma yake: *Mama Idrisa, nisogezee kigoda, sina mahari pa kukaa.* Miaka kumi na miwili alilisikia na kulielewa. Sikio lilikuwa limezoea, jicho halikuzoea. Kidole kikapanda ule ukurasa: mahari, maharage, mahame, mahali. Alilipita neno lenyewe mara zote alizousoma.

Mwalimu akacheka. Mwanahawa hakucheka. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Mwalimu, nimeshamjibu. Barua nilimpa kondakta wa basi la Turiani jana."

"Umemwandikia nini?"

"*Nimeelewa. Nipe talaka yangu.* Nilichagua neno lisilo na maana mbili."

"Lakini atajua ni hasira tu, mama."

"Kwetu Waislamu talaka haina utani. Mume akilitamka neno hilo, limepita. Na Mwinshehe namjua. Akichokozwa, hujibu kwanza halafu ndipo afikiri."

Chini ya barua iliandikwa namba ya simu ya duka la Mzee Ahmadi. Wakakimbilia ofisini penye simu, Regina mbele, Mwanahawa nyuma, ndala moja imebaki mlangoni. Opereta akawaunganisha na duka, Mzee Ahmadi akapokea, akamwita Mwinshehe.

"Haloo! Mama Idrisa?"

"Baba Idrisa! Barua yangu umeipata?"

"Nimeipata leo. Umenishangaza sana, mwanamke wewe!"

"Usijibu! Tafadhali, usijibu kitu!"

"Nimeshajibu! Nimemwambia Mzee Ahmadi mbele ya mashahidi walewale, nimekuacha..."

Simu ikakoroma. Kisha ikawa kimya.

"Laini imekatika, mama," opereta akasema. "Jaribuni kesho."

Kesho ilikuwa Ijumaa.

Siku hiyo Mwanahawa alifagia uwanja mara mbili, akapika akasahau chumvi. Kila basi lilipopiga honi barabarani, alichungulia. Mchana, watu wakitoka msikitini, akamwona Mwinshehe anakuja na mfuko wa mchele begani. Akaingia ndani, akakomea mlango.

"Hodi! Mama Idrisa?"

"Simama hapohapo. Jana ulitamka nini kwenye simu? Lirudie lote."

Jirani yao Yuliana, aliyekuwa akianika nguo, akadakia: "Mwinshehe, leo mlangoni kwako kuna mtihani! Ukifeli, njoo nikupe uji!"

"Nilisema nimekuacha..."

"Yarabi!"

"Hebu ningoje nimalize! Nimekuachia upande wa shamba ulio karibu na mto. Uchague wewe tulime nini, kwa kuwa sikukuuliza kwanza."

"Nimekuachia? Ina *i*?"

"*I* gani tena?"

"Baada ya *ch*, Baba Idrisa. Ipo au haipo?"

"Ipo! Tena imesimama wima kama mimi hapa juani!"

Mlango ukafunguka. Mwanahawa alikuwa amekaa chini. Mwinshehe akautua mfuko.

"Na wewe unidai talaka kwa ajili ya shamba?"

"Uliandika mahari. Nikadhani umeoa." Akajipangusa kwa ncha ya kanga. "Uliposoma neno langu, ulisemaje?"

Mwinshehe akainamisha kichwa. "Mzee Ahmadi aliniambia nimsomee kwa sauti. Nikakataa. Sikutaka neno hilo lipite mdomoni mwangu, hata kwa kusoma."

Huyu ndiye mtu ambaye Mwanahawa alihofu kwamba hujibu kabla ya kufikiri. Akamtazama mpaka macho yakamjaa machozi tena.

"Sasa niambie, huko Turiani umepata nini?"

"Mahari pa..."

"Rudia."

"Ma-ha..." Akalitafuta kwa ulimi, jasho likimtoka, Yuliana akisikiliza na nguo mkononi. "...li. Mahali."

"Hapo sawa. Mahari ulitoa mara moja tu, kwa baba yangu kule Mlali, na mpokeaji wa pili hayupo."

Akasimama, akauchukua mfuko wa mchele, akampisha njia.

"Karibu ndani, mume wangu. Hapa ndipo mahali pako."