Gunia la Makaa Mlangoni

Kila Jumamosi, Mama alipokwenda Isinya kununua chakula cha kuku, Valerie Ajwang ndiye aliyebaki na vifaranga. Walikaa jikoni ndani ya boksi la mbao, chini ya balbu iliyowapa joto, na Mama aliwalea kama watoto wa kuzaa.

Jumamosi hiyo mawingu yalikuwa mazito. "Ingiza gunia la makaa ndani," Mama aliagiza akifunga kitambaa kichwani. "Stima ikipotea, washa jiko uliweke kando ya boksi, na dirisha liache wazi. Vifaranga wakipigwa na baridi, hatuna kitu."

"Sawa, Mama."

Sawa gani? Mama hajafika hata barabarani, Valerie keshajitupa kwenye kochi na simu ya nyumbani. Akamaliza video moja, akafungua nyingine. Alasiri Mama akapiga. "Huku kunanyesha vibaya. Umeingiza makaa?"

"Ndiyo, Mama," akajibu haraka, arudi kwenye video yake.

"Mtoto wangu! Basi wacha ningoje mvua ipungue."

Mvua ikafika kwao Kitengela kwa kishindo. Upepo ukatikisa mabati, radi ikapiga, na stima ikapotea. Simu nayo ikaisha chaji, ikazima. Valerie akakumbuka, akakimbilia nje. Gunia lilikuwa pale pale mlangoni, limelowa chepechepe, maji meusi yakitiririka chini yake.

Akajaribu kuwasha jiko. Alimaliza njiti, akapata moshi mtupu.

"Vale, wanalia," akasema Obonyo, mdogo wake. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye kona, wakikanyagana kwa kutafuta joto. Wengine chini hawakutikisika.

Valerie akavuka matope hadi kwa jirani, Mama Gitonga. "Nisaidie makaa, tafadhali. Vifaranga wanakufa!"

"Ngai! Kwani mama yako hakuacha makaa, na mvua yote hii?"

Ukweli ulimfika mdomoni, akaumeza. "Hakuacha."

Mama Gitonga akaja na jiko lake lenye moto, mvua ikimnyeshea. Wakafungua dirisha, wakalisogeza jiko karibu na boksi. Polepole vifaranga wakatawanyika, wakaanza kudonoa. Wawili hawakuamka.

Mama alipoingia jioni, viatu vimejaa matope, Mama Gitonga hakungoja salamu. "Mama Valerie, unaachaje watoto bila makaa? Na kama singekuwa nyumbani?"

Mama akalitazama gunia lililolowa. Kisha akamtazama Valerie.

"Ni kweli, jirani," akasema taratibu. "Nilikosea. Asante sana."

Valerie alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama, aliyemwagiza kila kitu, anabeba kosa lake mbele ya watu! Machozi yakamtoka.

"Si Mama! Aliacha gunia zima. Nilimdanganya yeye, halafu nikakudanganya na wewe. Nilikuwa kwenye simu."

Mama Gitonga akaguna. "Jiko nitalichukua kesho," akasema, akatoka bila kumwangalia Valerie. Aibu hiyo ilimchoma kuliko kofi.

Mama hakupiga kelele. "Ungeniambia hujaingiza, ningekuambia inuka sasa hivi, na mambo yangeishia hapo. Nilikaa Isinya nimetulia kwa sababu nilikuamini."

Valerie aliwazika vifaranga wawili nyuma ya nyumba. Asubuhi akaenda kumwomba Mama Gitonga msamaha, akambebea jiko lake likiwa limesuguliwa.

Jumamosi iliyofuata mawingu yakarudi, na simu ikalia.

"Umeingiza makaa?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama." Na kweli, alikuwa ameyaingiza tangu asubuhi.

"Mpe Obonyo simu."

Uso wa Valerie ukawaka, lakini akampa.

"Yako ndani, Mama," Obonyo akasema. "Nimeyakalia."

"Haya, mrudishie dada yako. Valerie, umefanya vizuri. Lakini nitamuuliza Obonyo tena wiki ijayo, na ile nyingine. Imani huvunjika kwa neno moja tu, mwanangu, na kuijenga huchukua muda. Endelea kusema ukweli. Iko siku sitamuuliza."

"Sawa, Mama," akasema Valerie, na safari hii alimaanisha.