Mtambo Usiokunywa Oili

"Mgonjwa katoroka wodini."

Machibya alikuwa na kipande cha chapati mdomoni. Alikimeza bila kukitafuna.

"Katoroka saa ngapi, Mama?"

"Wakati wewe unaagiza chapati ya pili," sauti ikajibu sikioni. "Sasa hivi ni saa tatu na dakika kumi. Nataka arudi wodini kabla ya saa sita na nusu. Na arudi mzima."

Sauti ilikuwa ya Bi Bernadetta, mkuu wa Idara ya upelelezi kanda ya ziwa. Mama wa Kihaya, miwani shingoni, Kiswahili kimenyooka kama rula. Shikamoo alikuwa anaiitikia kwa kichwa ili asipoteze muda.

Mgonjwa mwenyewe hakuwa mtu. Alikuwa tabaini.

Mtambo mdogo wa kufua umeme kwa gesi, mkubwa kiasi cha friji la baa. Ndani yake hamna pistoni za kugombana. Kuna mhimili mmoja tu, unazunguka mara elfu tisini na sita kwa dakika, umeelea juu ya hewa. Moshi wake hata ukiutafuta kwa tochi huuoni. Uliagizwa kwa ajili ya hospitali moja ng'ambo ya maji, upande wa Busisi. Huko wafugaji walishachimba shimo la samadi, wakalifunika, gesi ikajaa, bomba likavutwa mpaka ukutani. Ng'ombe wa Usukumani walishafanya kazi yao. Kilichobaki ilikuwa mashine.

Na mashine imeibiwa.

"Longino," alisema Machibya.

"Nani mwingine?"

Longino alijiita mfalme wa jenereta. Alichukua madude yaliyochoka, akayapaka rangi, akabandika stika, akayauza kama mapya kuanzia Magu mpaka Geita. Mwaka jana dude lake moja lilizimika kwenye hospitali hiyo hiyo, usiku mama watatu wamejifungua njiti. Asubuhi hakukuwa na mtoto hata mmoja.

Mwezi mmoja kabla, Machibya alikuwa ameandika faili la Longino. Kurasa arobaini. Lilirudi kutoka juu likiwa na maneno mawili kwa wino mwekundu.

*Weka pembeni.*

Akaliweka pembeni. Kisha akaenda mazishini.

Tangu siku hiyo alitembea na hasira kifuani kama mtu aliyemeza jiwe la figa likiwa bado la moto.

"Mnunuzi ni mzungu anaitwa Voss," Bi Bernadetta aliendelea. "Pasipoti tatu, tishari moja. Anataka mtambo akaufungue aunakili. Longino yeye anataka usiwake kabisa. Hospitali ikiwaka kwa mavi ya ng'ombe, nani atanunua makopo yake?"

"Na hospitali?"

"Radi imeangusha nguzo ya umeme juzi. Jenereta limekufa leo alfajiri. Watoto watano wanapumulia mitungi. Mitungi inaisha saa sita na nusu."

Machibya alikuwa ameshasimama. Alirusha noti mezani, akaiendea Yamaha DT yake.

"Wametumia gari gani?"

"Fuso nyeupe. Mbili. Zimetoka bohari ya Igoma pamoja, maturubai ya bluu, kasha moja kila gari, na namba zinafanana mpaka herufi ya mwisho. Moja imeshika njia ya Musoma. Nyingine imeingia Kishiri. Nina droni moja na wewe mmoja. Chagua."

Aliweka ufunguo. Hakuwasha.

Ng'ambo ya barabara Masele muuza oili alikuwa amekaa juu ya debe, kitambi kimelala mapajani kama mtoto. Hapo Igoma hakuna gari linalotoka bila Masele kujua limekunywa nini.

"Mwangaluka, Masele."

"Mwangaluka, ngosha! Leo umevaa sura ya kukamata mtu."

"Longino kachukua nini asubuhi hii?"

"Ah, mteja wangu yule. Siri ya duka."

"Masele. Nina dakika moja. Ikiisha naanza kupekua leseni zako."

Masele alijikuna shingo. "Pipa la oili. Ile ya bei kubwa, nikashangaa. Vijana wake wakalifunga kwa kamba vizuuri, utasema bibi harusi."

"Kwenye Fuso ipi?"

"Iliyoingia Kishiri."

"Na ile ya Musoma?"

"Ile? Hata kopo."

Machibya alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

Mtambo ule haunywi oili. Hata tone. Mhimili wake unaelea juu ya hewa, oili utaipaka wapi? Ila vijana wa Longino walizaliwa chini ya jenereta za dizeli. Kwao injini bila oili ni ng'ombe bila maji. Hakuna fundi wa Igoma mwenye heshima zake anayeweza kusafirisha injini ya maana bila kuifungia oili yake pembeni. Kwa kasha la uongo, lenye matofali, nani ahangaike?

Bosi wao alificha mtambo. Wao wakaufungia lebo.

"Mama, naenda Kishiri."

"Ushahidi?"

"Oili."

"Mtambo ule hautumii oili, Machibya."

"Tunaojua hivyo ni mimi na wewe."

 

"Nenda."

Yamaha ikanguruma.

Kishiri. Buhongwa. Usagara. Lami ikapita chini ya magurudumu kama filamu iliyoharakishwa. Machibya hakupiga honi. Walioona ile kofia nyeusi inakuja walijipisha wenyewe.

Saa nne na nusu kidude cha sikioni kikalia tena. Hakuwa Bi Bernadetta.

"Kaka Machibya? Ni Rebeka, wa wodi ya njiti."

Sista Rebeka. Ndiye aliyewafunga wale watatu vitenge mwaka jana, kwa mikono yake.

"Nakusikia, dada."

"Mtungi mmoja ulikuwa unavuja, hatukujua. Hiyo saa sita na nusu isahau. Tuna mpaka saa sita kasoro robo. Labda."

"Nakuja."

"Mwaka jana pia tuliambiwa mtu anakuja."

Akakata.

Jiwe la figa likageuka upande wa pili. Machibya akavuta mafuta mpaka mwisho.

Tangu daraja lianze kupitisha magari, gati la zamani la kivuko pale Kigongo lilikuwa limepoa. Vibanda vimefungwa, mbuzi wamelala kwenye mteremko yalikopanga foleni malori. Ukitaka kuiba kitu mchana kweupe, hapo ndipo mahali, na hapo ndipo droni ya Bi Bernadetta ilipoiona Fuso.

Fuso ilikuwa imegeuzwa, mkia majini. Tishari limeegeshwa, lina injini mbili za Yamaha, za nguvu ya farasi mia mbili, mgongoni. Mzungu mrefu alikuwa anapigana na mnyororo wa winchi uliong'ang'ania. Walinzi wawili, bunduki mbili, Land Cruiser moja. Na juu ya Fuso, kando ya kasha, Longino mwenyewe na suti yake ya rangi ya maharage.

Machibya aliacha pikipiki nyuma ya kibanda. Akachomoa Glock. Akatoka kweupe.

"Longino! Shuka."

Longino aligeuka. Hakushtuka. Alijibanza nyuma ya kasha, akachungulia kichwa tu.

"Ooh, mzee wa faili! Kumbe bado wanakupa mafuta ya kunifuata?"

"Shuka."

"Piga! Piga basi, si una bastola? Ukinikosa mimi, unaupata mtambo. Tundu moja tu, kile kimhimili kinakuwa chuma chakavu. Halafu kawaeleze wale mama."

Glock ilitulia hewani. Kisha ikashuka, taratibu. Machibya angeweza kumpata paji la uso kwa umbali ule. Pengine. Watoto watano hawawekwi kwenye pengine.

"Mmeona?" Longino akawaambia walinzi wake. "Serikali ina adabu. Mfungeni."

Walinzi wakaja. Machibya akainua mikono hadi usawa wa mdomo, karibu na saa yake ya Garmin yenye kinasa sauti.

"Mama. Shusha ndege."

Droni ilikuwa imening'inia juu ya mawingu tangu Usagara. Ilishuka kama kozi aliyeona kifaranga, king'ora kikilia, moja kwa moja kwenye nyuso za walinzi. Mmoja akajitupa chini. Mwingine akamimina risasi angani, akapiga mbingu, akapiga paa la kibanda, akarudi nyuma, akampiga kikumbo Voss.

Mzungu akaingia ziwani na pasipoti zake zote tatu.

Machibya alikuwa ameshafika kwenye mlango wa Fuso.

Injini ilikuwa inanguruma. Mfalme wa jenereta, muuza injini kanda nzima, gari lake mwenyewe halina selfu! Likizimwa lazima lisukumwe. Kwa hiyo halizimwi. Machibya alikanyaga klachi, akaingiza gia, akaondoka nalo.

"Wee! Simamisha!" Longino aligonga paa la kabini. "Machibya! Niko huku nyuma!"

Machibya alitoa kichwa dirishani.

"Najua! Kumbatia mtambo vizuri, bosi. Ukidondoka wewe sisimami, nasimama kwa ajili ya mtambo tu!"

Mbele, daraja. Kilomita tatu na zaidi za zege juu ya maji, halina kona, halina pa kujificha. Kwenye kioo cha pembeni Land Cruiser ilikuwa inakuja, inakua. Hawakupiga risasi. Wangepigaje? Bosi wao alikuwa katikati, amekumbatia friji.

Walitaka kupita mbele wakinge njia.

"Mama, zuia daraja upande wa Busisi. Nikipita tu."

"Askari wako dakika ishirini kutoka hapo."

"Wale wa samadi je?"

"Wepi?"

"Wa matrekta. Kila siku saa hizi wanapeleka mzigo wa shimo la hospitali."

 Kisha, kwa mbali, alimsikia Bi Bernadetta akiongea kwenye simu nyingine, kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia akiitumia: "Hallo, mzee Shimba? Shikamoo baba. Naomba nikuharibie siku."

Land Cruiser ilifika ubavuni. Mlinzi alitoa mkono dirishani. Machibya alimsogezea Fuso kidogo, kwa upendo. Chuma kikalia. Land Cruiser ikarudi nyuma.

Mwisho wa daraja. Trekta jekundu, tela lake limejaa mpaka linabembea, limesimama kando ya barabara. Juu yake mzee mwenye kofia ya pama alimwangalia Machibya akipita, akamhesabu kama mtu anayehesabu ng'ombe zizini: huyu wetu.

Halafu akavuka barabara na trekta lake.

Land Cruiser haikuwa na muda wa kufikiri. Ilipiga tela katikati. Tani tatu za samadi mbichi zikaamua kushuka zote kwa pamoja.

Walinzi waliteremka kupitia madirisha, wakiwa na rangi moja na gari.

"Mmeniharibia mzigo!" mzee Shimba alisikika akifoka. "Mtauzoa! Kwa mikono! Mnafikiri ng'ombe wananya kwa ajili yenu?"

Saa tano na dakika thelathini na nane Fuso iliingia hospitalini.

Mafundi walikuwa wanasubiri nje tangu asubuhi, spana mkononi. Machibya alimshusha Longino kwa ukosi wa suti, akamfunga pingu. Mkuu wa mafundi aliukagua mtambo, akapapasa mhimili kwa kidole kama anayepapasa yai.

"Mzima. Dakika ishirini na tano. Bomba, nyaya, tunawasha."

"Hatuna ishirini na tano."

Alikuwa Sista Rebeka. Alisimama mlangoni, mikono imeinuliwa, imelowa.

"Mtungi umekwisha. Watoto watano, wabonyezaji tuko watatu, mimi na wauguzi wawili. Kaka, nawa. Mpaka kwenye viwiko."

Machibya alinawa. Alipewa pampu ya mkono, kampira kadogo kama chungwa: ukibonyeza, mtoto anapata pumzi. Usipobonyeza, hapati.

"Bado mmoja," alisema Rebeka. Aliangaza macho koridoni. Mama wa watoto walikuwa wamelala, wengine bado na mishono. Macho yake yakamkuta Longino kwenye benchi.

"Huyu ana mikono miwili?"

 Machibya alikwenda, akamfungua pingu.

"Mimi?" Longino alisema. "Sista, mimi si… sijui mambo haya."

"Moja, mbili, bonyeza. Moja, mbili, bonyeza. Mpumbavu anaweza. Nawa."

Wakamsimamisha mbele ya mtoto mdogo kuliko wote. Kifua kama cha njiwa. Longino alishika ule mpira kwa vidole vyenye pete tatu, akabonyeza. Kifua kikapanda. Akaachia. Kikashuka.

Akabonyeza tena.

Dakika ya tano alianza kutoka jasho. Ya kumi, akaegemeza kiwiko kitandani.

"Sista, mkono umekufa ganzi."

"Mwaka jana mimi nilibonyeza kwa saa nne nzima," alisema Rebeka bila kugeuka. "Bonyeza."

Machibya alikuwa kitanda cha jirani, akimbonyezea mtoto mwingine. Aliweza kuona uso wa Longino wote. Alikuwa ameota siku hii kwa miezi kumi na minne, na kwenye ndoto zote alikuwa anampiga ngumi. Sasa alimwomba Mungu yule mtu asichoke.

"Longino. Ukiacha, nakuua hapa hapa."

"Siachi," Longino alinong'ona. Macho yalikuwa yamejaa. "Siachi, siachi. Moja, mbili. Moja, mbili."

Nje ikasikika sauti. Mwanzo kama mbu. Kisha kama mluzi wa mchungaji aliye mbali. Ikapanda, ikapanda, ikatulia mahali pamoja.

Taa zikawaka.

Mashine ya oksijeni ikapiga mlio mmoja, ikaanza kuhema. Rebeka alikwenda kitanda hadi kitanda, akiunganisha mirija, midomo ikihesabu. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Alipofika kwa Longino ilibidi amwondoe vidole kimoja kimoja.

"Basi. Toka."

Longino alisogea. Mkono wake uliendelea kufumba na kufumbua hewani, peke yake.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Hana jina. Mama yake alisema atampa akiona ameamka kesho."

Machibya alimrudishia pingu. Askari walioingia dakika ile walimkuta Longino amesimama, anaangalia sakafu.

Nje hakukuwa na moshi. Mafundi walikuwa wanapiga picha na mtambo kama wachumba. Machibya alipita katikati yao, akanawa uso bombani, akavaa kofia yake nyeusi, akakumbuka pikipiki iko Kigongo. Akatembea kwa miguu mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda.

"Umetoka hospitali, broo?" bodaboda aliuliza. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Wako watano," alisema Machibya, akipanda. "Wanapumua. Nipeleke Kigongo, na ukifika penye samadi, usipunguze mwendo."