Miguu ya Kuku Uani kwa Bibi Ghaniya

Kwaru.

Mara moja tu, juu ya changarawe za uani, kisha kimya. Bibi Ghaniya alifumbua macho, akangoja ya pili. Haikuja. Ilikuwa sauti ya kuku anayeparua, lakini kuku gani huyo mwenye ukucha mzito kama jembe? Tena nyumba ile ya mjini Ibra, tangu waihamie kutoka Tabora, haikufuga hata kifaranga.

Asubuhi alikuta michirizi mitatu mirefu, imeelekea dirisha la mjukuu wake. Akachukua ufagio.

"Bibi, unafagia nini?" aliuliza Lujain, mwenye miaka sita.

"Nafagia maswali yako. Ingia ndani unywe chai."

Alijua alichokosea. Kosa lilikuwa la jana, baada ya alasiri, juu ya mkeka.

Ami Marhoun, mdogo wake baba Lujain, aliyesoma Moscow enzi za ujana, alipita akielekea Sur akamwachia mtoto kitabu cha picha. Maandishi yalikuwa ya Kirusi na mle nyumbani hakuna aliyeyajua. Bibi akakifungua akasimulia kwa kutazama picha tu, akitunga anavyotaka: msitu wenye theluji, mtoto wa kike peke yake, kizee mchawi mwenye pua ndefu, na nyumba ya mbao iliyosimama juu ya miguu miwili ya kuku, imewapa mgongo.

"Mama yake huyu mtoto yuko wapi?" Lujain aliuliza.

Mahali pengine Bibi angejibu, amekufa, Mungu amrehemu. Humo ndani neno hilo halikusemwa. Mama yake Lujain alizikwa miaka mitatu nyuma, mwaka 1993, lakini mumewe Zakariya hakukubali. Jeneza lilikuwa jepesi, alisema. Walichozika ni gogo la mtende. Mkewe wachawi wamemchukua, yu hai katika pango fulani la milimani, kama watu wa upande wa Nizwa wanavyohadithia tangu zamani. Hakumsomea hitima. Akakataza jina lake lisitajwe tena, maana waliomchukua wakisikia anaitwa, watamficha mbali zaidi.

Basi Bibi akasema, "Yumo humo, katika nyumba ya miguu ya kuku. Ipo siku mlango utafunguka."

Lujain akaweka kidole juu ya nyumba ile. "Yalla, ije kwetu."

Na usiku ule ule ikaja.

Siku ya pili, nyumba ilinuka manyoya ya kuku yanayoungua, na jiko limezimwa. "Huyo kuku wa Kirusi," Bibi alijitania mwenyewe, "baridi imemfukuza kwao." Lakini hakucheka. Siku ya tatu Lujain alikataa wali, akakataa tende, akakataa hata halua.

"Mama kasema nisishibe. Huko kuna chakula."

Bibi alikifungua kitabu. Nyumba ilikuwa imegeuka. Ile iliyowapa mgongo sasa ilionyesha ubavu, na pembeni ya ubavu, ukingo wa mlango.

Jumatano Zakariya alirudi kutoka kazini Maskati, kama kila wiki. Mtoto alimkimbilia. Mikono yake ilikuwa myembamba, na baridi kama maji ya falaji, ule mfereji wa mashambani, alfajiri.

"Baba, mama kafika. Yuko uani."

Bibi alitegemea kuona hofu katika uso wa mwanawe. Aliona furaha, na furaha ile ndiyo iliyomwogofya kuliko kucha, kuliko harufu, kuliko kitabu. Magharibi ilipoingia Zakariya alisimama dirishani akanong'ona, "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama Lujain," ilijibu sauti kutoka gizani, sauti ile ile, na kikohozi chake kile kile kidogo. "Nipe mtoto kwanza. Kisha nami nitaingia."

"Umesikia, mama?" Zakariya alilia. "Wallahi nilikwambia yu hai!"

"Nimesikia, mwanangu. Na mama gani anayemkataza mtoto wake kula?"

Alhamisi Bibi alimleta Mwalimu Mahrous, mzee mkavu aliyesifika kwa kutoa majini. Aliketi sebuleni, akakoroga zafarani, akaweka sahani nyeupe magotini, aandike aya za kumkinga mtoto, zioshwe azinywe.

"Jina la mtoto?"

"Lujain."

"Binti nani? Kombe huandikwa kwa jina la mama."

Bibi alimtazama mwanawe.

"Andika jina langu," Zakariya alisema.

"Wewe hufai hapa, baba. Mtoto ametoka tumboni kwa nani?"

"Nikilitaja watamficha. Sitamwona tena."

"Aliyeko nje umemwuliza anaitwa nani?"

Jua lilikuwa limezama. Zakariya alikwenda dirishani. "Habibti," aliita, "jina lako nani?"

Kwaru, nje juu ya changarawe. Kisha kicheko. "Mimi ni mama."

"Mama ni neno la kila mtu," Mwalimu Mahrous alisema kwa upole. "Yeyote anaweza kulivaa. Jina lake hataliweza, kwa kuwa si lake."

"Bas! Nyamaza!" Zakariya alimfokea.

Ndipo komeo la mlango likateleza lenyewe, na harufu ya manyoya yaliyoungua ikajaa sebule, na kule uani, palipokuwa na ukuta na gari, pakainuka kitu kirefu cha mbao kikigeuka polepole juu ya miguu yake ya magamba, kikitafuta upande wa kuelekeza mlango wake, na kilipoupata ule mlango ukafunguka, ndani giza tupu, na katika giza lile sauti aliyoizoea Zakariya kitandani mwake usiku kwa miaka minane ikaita njoo, njoo mwanangu, na Lujain akachopoka mikononi mwa Bibi kama samaki, akatoka, akavuka changarawe, akafika penye ngazi ya mlango ule na kuvua ndara zake moja baada ya nyingine, akazipanga vizuri, kama alivyofundishwa kufanya mlangoni kwa watu.

"Mwanangu," Bibi alimwambia Zakariya, bila kupaza sauti, "mmoja yuko kaburini. Mmoja ana mguu ngazini."

Mwalimu Mahrous alikuwa ameinua kalamu. Tone la zafarani lilining'inia nchani.

Zakariya alitazama nyayo ndogo za mwanawe zikipanda. Alifungua kinywa. Machozi yakatangulia.

"Andika," alisema. "Lujain binti Fawziya."