Kipimo cha Kucha

Mnusi alichovya kidole chake cha chuma katika bakuli la unga, akatulia kidogo, kisha akatangaza kwa sauti ya msoma taarifa wa redio:

"Mahindi ya mnara. Ghorofa ya kumi na tisa. Yamevunwa siku kumi na moja zilizopita. Sumukuvu, hakuna."

Wanawake wa soko la Mlowa Mpya hawakupiga makofi. Walitazamana tu, na mmoja akapiga miayo bila hata kuziba mdomo.

Dakta Mbeleje Chibago, aliyemuunda roboti huyo, alikuwa amezizoea nyuso hizo. Nyuma ya soko ulisimama mnara wa ghorofa arobaini ambamo mahindi yaliota bila udongo, mizizi ikining'inia hewani na kunyunyiziwa maji na mabomba membamba. Yalivunwa na mashine, yakakaushwa siku hiyo hiyo. Mahindi ya shambani yalikaa ghalani katika joto hili jipya la Dodoma yakashika kuvu, na kuvu hiyo huacha sumu isiyoonekana wala kunuka, ambayo hula ini taratibu. Mwaka uliopita kata ile ilizika watoto ishirini na sita. Hata baada ya misiba hiyo, unga wa mnara ulidoda. Sasa wenye mnara walikuwa wamechoka. Wauza unga wakiukataa leo, mnara ungefungwa, na mji mzima ungekula mavuno mapya ya shambani, ambayo Mbeleje alikwisha kuyapima na kukosa usingizi.

"Mahindi yasiyojua mvua, Dakta, yanajua nini?" aliuliza Mama Lechipya, msemaji wa wauza unga. Wenzake wakacheka. "Haya, tuseme ni mazuri. Wewe mwenyewe unayala?"

"Nayala kila siku."

"Mhu! Kila mwenye kitu chake husema hivyo."

 Mbeleje alieleza kwamba kucha za mtu hukua polepole na hutunza habari za alichokula, na Mnusi anaweza kuzisoma. Kisha akanyoosha mkono wake mbele ya watu wote.

"Miezi sita," alisema Mnusi. "Mahindi ya mnara, kila siku. Sumukuvu, hakuna. Ini zima."

Soko likanong'ona. Mama Lechipya alichota unga kidogo, akausugua kati ya vidole, akaulamba. "Si mbaya," alisema. Wawili wengine nao wakalamba. Mbeleje alifurahi. Miaka minne alikuwa akiingoja siku hiyo.

"Chuma hicho kinadanganya!"

Alikuwa Bibi Nyendo, mama yake mzazi, aliyeshuka tu kutoka kijijini, debe la unga likiwa kichwani. Alikuwa anacheka, mwenye fahari zake. "Huyu anakula unga wangu! Kila mavuno namletea, na kila mara ananipigia simu: mama, mtamu. Kucha hizo nimezilisha mimi. Kipime vizuri."

"Mama, tutaongea nyumbani," Mbeleje alisema haraka.

"Hapana, tuongee hapa hapa," alisema Mama Lechipya. "Apime na unga wa mama."

Mnusi akachovya. "Mahindi ya shamba. Sumukuvu, mara arobaini ya kiwango salama."

Bibi Nyendo alikasirika. Akaliweka debe chini, akaunyoosha mkono wake mwenyewe ili aiaibishe mashine hiyo isiyo na adabu.

"Miezi sita. Mahindi ya shamba, kila siku. Sumukuvu, nyingi sana. Ini limeharibika. Muda wa tiba umepita."

Mbeleje ndiye aliyemuunda asifiche neno, maana alijua watu hawa wasingeiamini mashine inayochagua la kusema.

"Ulijua?" Mama Lechipya aliuliza taratibu.

"Nilimpelekea unga wa mnara. Akawapa kuku."

"Sikuulizi kuku. Wa kwake ulijua una sumu?"

"Nilijua. Tangu mavuno ya mwaka juzi."

"Ukamwambia?"

Mbeleje alilitazama debe. Kwao unga wa mama haukataliwi. Kuukataa ni kusema mikono yake ni michafu. Basi aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akausifu, kisha akauteketeza katika tanuri la maabara. Kila msimu alijiambia kwamba msimu ujao atasema.

"Ningemwambiaje mama yangu kwamba jasho lake ni sumu?"

Mama Lechipya alikung'uta unga uliobaki kiganjani. "Wa kwake amemnyamazia. Sisi majirani atatuambia ukweli gani?"

 Wauza unga walifunga kanga zao viunoni, wakarudi kwenye meza zao, wakaendelea kupima unga wa shambani kwa vibaba kama kawaida, huku wateja wakipanga foleni na watoto mgongoni. Mbeleje aliwatazama akatamani kupiga kelele, lakini angesema nini ambacho Mnusi hakuwa amekisema?

"Mama, twende hospitali."

"Si umesikia? Muda umepita." Bibi Nyendo alikuwa anazitazama kucha zake. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano, na Mbeleje alikuwa akiuona hivyo kwa miezi.

"Naishi peke yangu kule, unajua," alisema mama. "Kila nikisonga ugali najiambia, saa hizi na Mbeleje naye anakula huu huu. Basi nakula vizuri, nashiba."

Aliinama akajaribu kuliinua debe. Mbeleje alipomsogelea kumsaidia, mama akamsukuma mkono.

"Kumbe nilikuwa nakula peke yangu."